Mguu wa Maksai

Mbuke alitia mkono kwenye lundo, akatoa konzi ya pamba, akaifumua kwa vidole na kuitazama kwenye mwanga. Jani kavu moja, alilichomoa. Doa hakuliona, akaitupa kulia kwenye gunia la pamba safi. Iliyofuata ilikuwa imeliwa na funza, ikaenda kushoto kwenye gunia la fifi, pamba ya daraja la chini. Ikaja ya tatu, nyeupe lakini yenye unjano wa mbali pembeni, na hiyo hakuipeleka popote. Aliiweka kwenye ungo uliokuwa miguuni pake.

"Ungo wako utajaa kabla ya magunia," alisema Limi, mke wa kaka yake, aliyeketi upande wa pili wa kichanja cha fito.

"Nitaitazama asubuhi. Jua la jioni huisingizia pamba."

"Wifi, karani wa chama cha ushirika ataipima tu. Hana muda wa kuitazama kama unavyoitazama wewe."

Mbuke alichukua konzi nyingine. Limi alijua kwamba si pamba tu iliyokuwa ikisubiri asubuhi. Kesho mshenga wa Maige angekuja Tinde kusikia jibu la posa, na jibu lilikuwa la Mbuke peke yake. Baba yake, mzee Masele, alikwisha sema kwamba binti huozwa na baba, lakini mjane hujioza mwenyewe. Alisema zaidi ya hapo neno moja tu: huyo mtu akubaliwe au akataliwe, lakini asidanganywe.

Maige alikuwa mtu wa makamo, mgane, mwenye mwendo wa polepole. Miaka mingi ya ujana wake ilipita chini ya ardhi kule Geita. Mgodi ulipofungwa, wenzake walinunua baiskeli na redio, yeye akanunua maksai wawili na mkokoteni, akarudi kwao. Alikuta mashamba ya baba yake yamekwisha gawanywa kwa ndugu zake. Akawa mtu mwenye maksai asiye na shamba, akiishi kwa kubebea watu magunia na kuni. Maksai wale aliwapa majina ya kuchekesha: wa kulia aliitwa Serikali, wa kushoto Ushuru. Watoto wa njiani walipenda kumsikia akimkemea Serikali kwa uvivu.

Mbuke naye alikuwa na shamba, tena la mbuga, udongo mweusi ambao baba yake alimkatia aliporudi nyumbani baada ya kufiwa na mume, akiwa na binti yake mdogo, Justa. Lakini alililima kwa jembe la mkono, na kila mwaka nusu yake ilibaki majani.

Basi watu wa Tinde hawakuhitaji kufikiri sana. Walisema plau limeona mbuga. Walisema pia kwamba mwanamume akihamia kwenye shamba la mke, aliyeolewa ni yeye. Maneno hayo Mbuke aliyasikia kisimani na hayakumuuma. Lililomuuma lilikuwa kosa lake mwenyewe.

Lilitokea siku wazee wa Maige walipokuja mara ya kwanza kuketi na baba yake. Mbuke alitoka ndani, akapiga goti na kusalimu kama inavyopasa. Kwao salamu ni ndefu na ina mpango wake: huuliziwa mama kwanza, kisha watoto, kisha majirani, kisha mvua, na ng'ombe huja mwishoni. Tena mama yake Maige alikuwa anaumwa mguu tangu masika, na kila mtu alijua. Mbuke alifungua mdomo, na sauti iliyotoka iliuliza kama mguu wa Ushuru umepona. Wiki ile alikuwa amemwona maksai yule akichechemea barabarani.

Baraza zima lilinyamaza. Mzee mmoja alikohoa. Maige peke yake ndiye aliyejibu, kwa upole, kwamba mguu wa Ushuru unaendelea vizuri.

"Mimi nasema hivi," Limi aliendelea sasa, akichambua haraka haraka, "siku ya harusi padre asikuulize wewe. Amuulize maksai kama amekubali."

"Cheka tu."

"Nacheka kwa sababu unajisumbua. Unataka ng'ombe, umepata ng'ombe, na mwenye ng'ombe si mlevi. Kaka yako mimi nilimwona sawasawa siku ya tatu baada ya kuolewa. Nikamzoea. Mtu huzoeleka."

Mbuke alimfikiria mume wake wa kwanza. Huyo hakuhitaji kuzoewa. Alimpenda kabla hajajua jina lake, alipomwona akicheza ngoma wakati wa mavuno, na usiku mmoja walitoroka pamoja bila ng'ombe hata mmoja kulipwa. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti nzuri, na kila kiangazi aliondoka na kundi lake la ngoma, na mvua zikaanza hajarudi. Mbuke alilima peke yake akimsubiri, na aliporudi hakuweza kumkasirikia hata kwa siku moja. Homa ilimchukua akiwa safarini Ushirombo. Mapenzi yale yalikuwa ya kweli, na Mbuke hakutaka kuyasema vibaya. Lakini hakuyasahau majani yaliyoota katikati ya pamba.

Sasa alitaka kitu kingine, na hakujua kama kina jina zuri. Kama ni maksai tu, basi baba yake alikuwa amesema: asidanganywe.

Walisikia magurudumu kabla ya kumwona mtu. Mkokoteni ulikata kona ya uzio wa minyaa, Serikali mbele kidogo, Ushuru akifuata kwa shingo iliyoinama. Limi alisema kwa sauti ya chini kwamba mchumba hatakiwi kuonekana hapa kabla ya jibu, kisha akakumbuka kuwa ana mboga jikoni, akaondoka bila kufanya haraka.

Maige aliwafungua ng'ombe nira, akasogea akishika kofia mkononi.

"Mwadila, mayo," alisalimu, kwa Kisukuma, kama mtu asalimuvyo mchana ukiwa umekwenda.

"Mwadila, baba."

Alieleza kwamba hakuja kwa ajili ya lile jambo la kesho. Amesikia pamba ya kwao inakwenda chamani, akaja kuona magunia ni mangapi apange mzigo. Mbuke alimwambia magunia hayajafungwa. Maige aliyatazama, akaketi alipokuwa Limi, akachukua konzi ya pamba na kuanza kuchambua. Ilikuwa kazi ya wanawake na watoto. Aliifanya kwa vidole vizito, lakini hakukosea.

Kisha Mbuke akasema, bila kuinua macho, "Watu wanasema unalitaka shamba."

"Nalitaka," alijibu Maige. "Mwenye maksai wawili asiye na pa kuwafungia plau, akikwambia hataki shamba, mwogope huyo."

Mbuke alitupa konzi moja kulia.

"Nilikuwa napita na kuni," Maige aliendelea. "Nikaona ile mistari ya pamba, imenyooka kama imepigwa kamba. Nikauliza nani kalima hapa kwa mkono, nikaambiwa ni mama Justa. Siku ile nililitaka shamba, sikufichi. Nikawa napita njia hiyo hata nikiwa sina mzigo. Sasa siku moja ulikuwa umekwenda Shinyanga, Ngokolo, kwa dada yako. Nikapita. Shamba lipo, lote. Nikaona kama nimepita njia bure."

Aliinama kwenye pamba tena, kama mtu aliyemaliza kueleza bei ya mzigo.

Mbuke alishika konzi moja muda mrefu. Jani lilikwisha toka, lakini vidole viliendelea kulitafuta.

"Mimi nilianza na Ushuru," alisema mwishowe.

"Najua. Baraza zima linajua."

Kicheko kilimtoka Mbuke kabla hajakizuia, na Maige naye akacheka kidogo, akitazama chini.

"Na mbele ya Ushuru hakuna kitu?" aliuliza.

Mbuke alifikiri vizuri. Alikumbuka baraza lililonyamaza, na sauti moja iliyomjibu bila kumwaibisha. Aliitazama mikono ile mizito iliyokuwa ikitenga safi na fifi bila kuambiwa. Hakuona ndani yake mwenyewe lile wimbi la zamani, na hakutaka kusema ameliona. Aliona tu kwamba jioni ilikuwa imefika na yeye hakuwa na haraka ya Maige kuondoka.

"Kipo," alisema. "Ila bado nakitazama."

Maige aliitika kwa kichwa. Alinyoosha konzi yake ya mwisho, nyeupe yenye unjano pembeni. Akaigeuza, akasita. "Hii naiweka wapi?"

"Kwenye ungo. Hapo zinakaa ambazo sitaki kuzihukumu kwa mwanga huu."

Aliiweka kwenye ungo, akasimama, akapangusa magoti. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mawe makubwa ya kilimani, na nusu ya lundo ilikuwa bado haijaguswa. Mbuke alikunjua mkeka na kuifunika pamba yote, akabana pembe zake kwa mawe. Maige alikwisha wafunga ng'ombe nira na kushika fimbo Mbuke alipomwita.

"Mama anaendeleaje na mguu?"

Maige aligeuka.

"Bado unamsumbua. Kutembea mpaka huku hawezi."

"Basi kesho asitembee," alisema Mbuke. "Mshenga akija, na mama apande mkokoteni aje naye. Nitamtandikia hapa kivulini. Atanisaidia kuchambua hii iliyobaki."

Maige alivaa kofia yake, akaivua tena, kisha akamgusa Serikali mgongoni. Mkokoteni uliondoka taratibu. Mbuke aliubeba ungo mpaka ndani, akaufunika kwa kanga umande usiuingie, akauweka karibu na mlango, pale jua la asubuhi huanzia.