Marietha Akataa Kusema Nzuri

Adabu ndiyo iliyomponza Marietha. Kila alipoingia chumbani, Dokta Wilfred alimuuliza, "Habari za leo, mama? Unaendeleaje?" Naye, mtu aliyelelewa akaleleka huko Masasi, alijibu, "Nzuri tu, baba. Namshukuru Mungu." Basi daktari akaandika kwamba mgonjwa ana nafuu, akamwongezea dawa ya matone, akaita mwingine.

Nafuu gani! Jicho la kulia lilikuwa limefunga ukungu, na sasa la kushoto nalo limeanza. Marietha ni fundi cherehani hapo Mbagala. Juzi alishona mkono wa gauni la bibi harusi ndani nje. Mama yake mzazi alikufa kipofu, na yeye alianza vivi hivi.

Siku hiyo alisindikizwa na dada yake Flaviana, mwoga wa makoti meupe tangu utoto.

"Usije ukamkasirisha daktari wa watu," Flaviana alimnong'oneza kwenye benchi. "We mwitikie vizuri tu."

"Nimemwitikia vizuri mpaka napofuka!"

Wakaitwa, wakaingia.

"Habari za leo, mama?"

"Mbaya."

Kalamu ya daktari ikasimama. Flaviana akakohoa. Marietha mwenyewe salamu hakuwahi kuijibu hivyo tangu azaliwe.

"Mbaya, baba. Na siku zote nilizosema nzuri, zilikuwa mbaya. Jicho la kulia halioni kitu. La kushoto linafuata. Mama yangu alipofuka kwa presha ya macho. Nataka rufaa kwa bingwa."

"Mama, huo ni umri tu."

"Macho yangu yalizaliwa siku moja. Mbona hili limetangulia kuzeeka?"

"Kuna wagonjwa wengine nje..."

"Nawaonea huruma, lakini sinyanyuki. Kama hunipi rufaa, andika hapo kwamba Marietha ameomba, wewe umekataa. Na jina lako uliweke."

Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Dokta Wilfred alivuta kiti karibu, akawasha kurunzi na kummulika macho, moja moja. Alipoizima, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mbona hukuniambia mapema, mama?"

"Hukuniuliza. Ulinisalimu."

Akaandika rufaa.

Bingwa alikuwa mwanamke mpole, asiyezungusha maneno. Alimpima kwa mashine, akamwambia: la kulia halitarudi, la kushoto wamewahi, watalilinda kwa dawa na upasuaji. Marietha alilia, kwa uchungu wa lile lililopotea na kwa hasira ya matone yote yale.

"Mshukuru aliyekuleta," bingwa alisema, akimtazama Flaviana. "Ungechelewa zaidi, na hili lingekwenda."

Marietha alifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Huyu amenisindikiza tu," alisema. "Nimejileta mwenyewe."