Sindano Ambayo Haijagusa

...amesema, "Nimesikia," na sindano bado iko hewani, haijagusa kidole chake, baba amefumba macho kama nilivyomwomba, mkono wa kulia umelala juu ya mto, na mama huko jikoni anauliza, "Hii mizizi niipue au iendelee?" Iendelee, mama, iendelee, nyumba nzima inanuka stoo ya viazi... sitakiwi kuwaza, natakiwa kupima tu, kule maabara panya aliyekatwa mshipa wa fahamu tunampaka wino miguuni, tunampitisha juu ya karatasi, vidole vikitanuka mshipa unapona, visipotanuka bado, basi, panya hajui kumfurahisha mtu, na wale walionyweshwa mizizi hii ya tiba ya Kichina walitanua vidole mapema kidogo kuliko wenzao, kidogo tu, bosi akasema panya wachache hao, usiende kutangaza, nami huyo, mguu mosi mguu pili mpaka kwa tabibu Mchina, akaipima mizizi kwenye mizani yake, akasema, "Mshipa wa fahamu hauna haraka, dada, na wewe usiwe nayo," lakini mfa maji haachi kutapatapa, na baba ni fundi cherehani, kioo kilimkata kiganjani, daktari akaushona mshipa, akasema labda... "Mbona kimya? Nimesikia, mwanangu, tena leo kama mwiba." Kama mwiba. Juzi ilikuwa kama sisimizi, kabla ya hapo kama ganzi inayoachia, kila nikija ananiongezea, mzee huyu anayegombana na chai ikipungua sukari anaimaliza shubiri ile kikombe kizima bila kukunja uso, na mama aliniambia mlangoni, "Usipokuja wewe, dawa haigusi," nikacheka, nikadhani utani wake... na mkasi wake mkubwa, ule ambao hata mimi sikuruhusiwa kuushika, amempa fundi mwenzake, "Kaa nao tu, mimi unanijazia meza," kumbe kidole alishakizika siku nyingi, akarudi nyumbani ameridhika, na mimi naja na makaratasi yangu na panya wangu, uso umenichangamka, naye anauona, hana moyo wa kuuzima... anakunywa kwa ajili yangu, mgonjwa anamuuguza daktari, nampenda mpaka nakasirika, amefumba macho bado, anatabasamu, anangoja niseme, "Vizuri," nami sijui namwambiaje kwamba anaweza kuacha.