Njia ya Bayumi

Kalamu nyekundu ilipita juu ya jina la Ami Bayumi mara moja tu, kisha Profesa Shawkat akanirudishia tasnifu yangu huku akitafuna mbegu za tikiti.

"Mtu hamshukuru mlisha vyura, Inshirah," alisema. "Unataka watahini watucheke?"

Ukurasa ule wa shukrani ulikuwa na majina kumi na mawili. Lake profesa nililitanguliza, kama ilivyo ada, na sifa zake zikala mistari minne. Alikuwemo mkuu wa kitivo, ambaye hanijui hata kwa sura. Alikuwemo mama yangu. Ami Bayumi alikuwa wa mwisho, mstari mmoja tu, na mstari huo ndio uliomchoma macho bwana mkubwa. Miaka kumi na tisa imepita, na hadi leo nikiishika kalamu nyekundu damu hunichemka.

Ami Bayumi, kama tulivyomwita wote kwa umri wake, alikuwa mfanyakazi wa maabara yetu, katika chuo kimoja cha Delta ya Mto Nile nisichotaka kukitaja. Asubuhi aliingia mferejini, suruali ameikunja hadi magotini, akarudi na vyura ndani ya ndoo. Aliwalisha, akakusanya mayai yao, akaosha chupa zetu. Sisi wenye makoti meupe tulimkumbuka tulipotaka chai.

Kazi yangu ilikuwa kuchunguza jinsi ubongo na jicho vinavyoumbika katika kiinitete cha chura. Kila chembe ya mwili ina jeni zote, lakini si zote zilizo kazini. Ile iliyo kazini huacha ujumbe ndani ya chembe, nasi tulitia rangi inayoung'ang'ania ujumbe huo. Penye zambarau, jeni inafanya kazi; pasipo na zambarau, imelala. Na Profesa Shawkat alikuwa amejijengea jina kwa picha moja: kichwa cha kiinitete, jicho la zambarau, ubongo wa zambarau. Jeni ile, alitangaza, hujenga vyote viwili. Picha yenyewe aliitundika mlangoni kwake, kubwa kama picha ya harusi.

Miezi minane nilipata zambarau ile ile, nikafurahi kama mjinga. Siku moja Ami Bayumi akaja nyuma yangu na sinia ya chai, akachungulia hadubini bila kuombwa.

"Binti yangu, hiyo ya kichwani ni uchafu."

"Uchafu gani tena, Ami?"

"Mimi naosha chupa zenu mwaka wa ishirini huu. Chupa ya shingo nyembamba, uisuuze utakavyo, rangi hubaki chini. Sasa huyu mdogo kichwa chake kina uwazi ndani na hakina mlango. Rangi ikishaingia, itatokea wapi?"

Akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati. Ilikuwa ya kushonea shanga. Mkewe alitia shanga kwenye magauni ya maharusi, na hii mzee aliinoa juu ya jiwe hadi ikawa kama unywele. Nilikuwa na viinitete sitini. Kabla ya kutia rangi tulivitoboa thelathini vichwa, thelathini tukaviacha.

Baada ya siku tatu nilitazama. Vile tulivyoviacha vilikuwa na ubongo wa zambarau, sawa na picha ya mlangoni. Vilivyotobolewa vilikuwa na macho ya zambarau, na ubongo mweupe pe! Jeni ile ilijenga jicho tu. Ubongoni haikuwahi kufanya kazi hata siku moja.

"Profesa ulimwambia?" nilimwuliza.

"Miaka tisa iliyopita. Akanijibu kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, ningefanyaje?"

Nilipompelekea Profesa Shawkat picha zangu alinyamaza wiki nzima. Ile ya mlangoni ikaondolewa. Nikajiambia, alhamdulillahi, mtu mzima ameona haya. Haya gani! Alirudi na makala aliyoiandika mwenyewe, jina lake peke yake juu, akieleza jinsi yeye, kwa akili zake, alivyogundua kosa lililowapotosha watu miaka yote hiyo. Watu gani, wakati kosa lilikuwa lake? Wiki hiyo hiyo ndipo ilipopita kalamu nyekundu.

Siku ya kuitetea tasnifu ukumbi ulijaa. Mama alikuja na shangazi zangu wanne na maboksi ya keki, vigelegele vikiwawasha kooni. Ami Bayumi alivaa kanzu yake ya Ijumaa, akasimama nyuma na sinia ya sharubati ya rozela. Mtahini wa nje alikuwa Dokta Rasmiya kutoka Kairo, mwanamke wa maneno machache. Alifungua ukurasa wa picha zangu, akavua miwani.

"Huku kutoboa vichwa. Wazo la nani?"

Sikuwahi hata kumeza mate. Profesa Shawkat alikwisha kuivuta maikrofoni.

"Langu, mheshimiwa. Lilinijia nikiwa naoga."

Ukumbi ukacheka. Nikamtafuta Ami Bayumi kwa macho, nikamkuta anapanga gilasi zake. Hakushtuka. Hakukunja uso. Alikuwa ameibiwa mbele ya watu mia, na akapanga gilasi kama mtu aliyekuwa akilingoja jambo hilo tangu asubuhi. Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Nilijua nikinyamaza dakika tano nitatoka na shahada yenye heshima na kazi ya ualimu hapo chuoni, na nikifungua mdomo nimekwisha.

"Ni njia ya Bayumi," nikasema.

Dokta Rasmiya akashika kalamu. "Bayumi wa chuo gani? Simjui."

"Wa hapa hapa, daktari. Yule pale nyuma, mwenye sinia."

"Msichana amechoka!" Profesa Shawkat alisimama, shingo imemvimba. "Jamani, yule ni mlisha vyura!"

"Nimeuliza wazo la nani, Shawkat. Sikuuliza analisha nini." Akageukia nyuma. "Mzee, ulitoboa wapi?"

Ami Bayumi akaweka sinia chini taratibu.

"Nyuma ya kichwa, mama. Mbele kuna jicho."

"Na kwa nini?"

Akamweleza habari ya chupa. Dokta Rasmiya akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, "Iandikwe hivyo hivyo katika sura ya mbinu. Kwa jina lake."

Iliandikwa. Shahada nilipewa, bila heshima, baada ya miezi kumi ya kusahihishwa nukta na mikato. Kazi ya chuo nikaisikia kwenye bomba. "Hasira hasara," mama alilia njia nzima, maboksi ya keki mapajani. "Ungenyamaza kidogo tu, Inshirah!" Na Ami Bayumi, kabla ya mwezi kwisha, alihamishiwa langoni kufungulia magari.

"Umeniponza, binti yangu," aliniambia nilipompitia. "Langoni hakuna vyura."

Profesa Shawkat alistaafu kwa sherehe, na kuna ukumbi uliopewa jina lake. Mimi nafundisha biolojia sekondari.

Mwaka jana posta ikaniletea barua kutoka mji wa Oran. Kijana mmoja mtafiti ameisoma tasnifu yangu, na juu ya barua ameandika: kwa Mheshimiwa Profesa Bayumi. Nikaipeleka nyumbani kwa mzee. Macho yake sasa yana ukungu, kwa hiyo nilimsomea, naye akaniomba nirudie ule mstari wa kwanza. Nikaurudia. Akaniomba tena.

"Anataka nini?" aliuliza hatimaye.

"Anasema anatoboa, lakini macho yanaharibika."

"Anatoboa mbele huyo." Akajiweka sawa kitini, akafunga kifungo cha juu cha kanzu. "Chukua kalamu, tumjibu."

Nilipekua mkoba. Iliyokuwamo ilikuwa moja tu, nyekundu, ya kusahihishia madaftari. Nikaanza na jina la Ami Bayumi.