Goti la Mama Bariki

Marcelina, ambaye mtaani Kasingirima watu walizoea kumwita Mama Bariki, alikuwa mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika kwa miaka tisa, na kwa miaka yote hiyo maombi ya Jumamosi yalisomwa kutoka kwenye daftari lake. Tuwaombee wagonjwa wote. Tuwaombee wasafiri wote. Tuwaombee viongozi wetu. Wanajumuiya waliitikia kwa mazoea, wengine wakitafuta kandambili zao kwa mguu chini ya benchi, na baada ya robo saa kila mtu alikuwa njiani kurudi kwake. Walikuwa wamepungua mpaka wakabaki saba. Marcelina hakuona ubaya wowote. Aliuza dagaa sokoni Ujiji, shughuli zake zilikuwa nyingi, na sala fupi ilimfaa.

Mwishoni mwa mwaka 1996 boti zilianza kuleta watu kutoka Kongo, asubuhi na jioni, wamekaa juu ya magodoro na masufuria yao. Waliwekwa kwa muda kwenye kiwanja karibu na ziwa, chini ya maturubai, wakisubiri malori ya kuwapeleka kambini. Paroko akaomba kila jumuiya iende kusali nao mara moja kwa wiki. Marcelina alifunga sabuni na chumvi kwenye kitenge, akaazima mikeka miwili kwa jirani yake Zuhra, akachukua daftari, akawaongoza wenzake sita kwenda kiwanjani.

Wakimbizi kama ishirini waliwakaribisha. Marcelina akafungua daftari na kuanza kusoma. Alipofika kwenye wagonjwa wote, mwanamke mmoja mrefu, mwenye mtoto mgongoni, aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Samahani, mama," alisema. "Wagonjwa gani? Wanaitwa nani?"

Marcelina akamjibu kwamba ni wagonjwa wote, popote walipo.

"Sawa. Lakini mimi nikimwombea mtu nisiyemjua jina, kesho nimeshamsahau."

Mwanamke huyo aliitwa Honorata. Huko kwao, ng'ambo ya ziwa, alikuwa ameongoza shirika, ndivyo walivyoiita jumuiya, na bila makuu akaeleza walivyokuwa wakifanya. Kila mtu alisema jambo moja linalomlemea. Kisha mwenzake mmoja alilichukua jambo lile, akaliombea wiki nzima kama lake, akapita kumjulia hali, na Jumamosi iliyofuata akawaambia wote limefikia wapi. Hakuna aliyejiombea mwenyewe. La kwako wewe, alisema, kuna mtu anakuombea.

Wakimbizi wakaitikia kwamba ndivyo. Nao watu wa Mtakatifu Monika, kwa mshangao wa mwenyekiti wao, wakasema wajaribu. Wakaketi duara. Honorata ndiye aliyeanza. Alikuwa na dada yake mkubwa, Agnesi. Walifika pamoja ufukweni usiku wa kukimbia, mkono kwa mkono, na katika msukumano wa kupanda boti mikono ikaachana. Tangu siku hiyo hakujua kama dada yake alipanda boti nyingine au alibaki.

Kwa mpango wa kukaa kwao, jambo hilo lilimwangukia Marcelina kulichukua. Akaitikia kwa kichwa. Kisha ikawa zamu yake kusema la kwake, na wote wakamtazama.

La kwake lilikuwepo. Miaka kumi na moja nyuma mama yake alifia mikononi mwake, hapo Kigoma, msimu wa mvua kubwa, barabara ya Kalinzi, alikoishi mdogo wake Wema, imekatika. Marcelina aliamua azikwe kesho yake. Wema alifika siku moja baada ya maziko, ametembea kwa miguu kutoka milimani, matope mpaka kiunoni, akasema, "Umemzika mama kana kwamba mimi hakunizaa." Marcelina alijua mdogo wake ana haki ya kulia. Lakini waombolezaji walikuwa wanasikiliza, naye akamjibu kwa ukali kwamba maiti haimsubiri mtu. Wema aligeuka, akaondoka na matope yake. Hawakuongea tena.

Hayo yote yalimjia. Kinywani likatoka jambo jingine kabisa.

"Goti," alisema. "Goti linanisumbua."

Aliyelichukua goti lile alikuwa Nikodemu, fundi cherehani, mtu mpole ambaye katika miaka tisa hakuna aliyemsikia akisema zaidi ya amina. Baraza alilofanyia kazi lilitazamana na njia aliyopita Marcelina kila asubuhi na beseni la dagaa kichwani.

Jumatatu Marcelina alikuwa amesahau kabisa, mpaka alipomwona Nikodemu amesimamisha cherehani na kumngojea. Akaanza kuchechemea.

"Shikamoo, Mama Bariki. Goti linaendeleaje?"

"Marahaba. Linauma kidogo, baba."

Fundi akasikitika kwa dhati. Jumanne alimpa mafuta ya kuchua. Jumatano alimletea majani ya kukandia, na kumwambia kwamba anaamka alfajiri kumwombea, tena anapiga magoti juu ya sakafu tupu bila mkeka ili amwelewe vizuri mgonjwa wake. Sasa hata yeye magoti yanamuuma, alisema kwa furaha. Marcelina alishukuru, akaondoka akichechemea, na alipopinda kona akatua beseni na kukaa juu ya jiwe. Alhamisi alijaribu kuzunguka kwa njia ya nyuma, akakutana na mke wa Nikodemu, ambaye naye aliuliza goti.

Kila jioni alimwombea Agnesi kama alivyoahidi. Hakuwa na maneno yoyote daftarini ya kumwombea dada wa mtu aliyepotelea ziwani, kwa hiyo alianza kutafuta yake, mwanzoni kwa Kiswahili, halafu, yalipomwishia, kwa Kiha, lugha aliyoongea na mama yake jikoni. Alimwomba Mungu amwonyeshe Agnesi njia ya kufika kwa mdogo wake. Ijumaa alipokuwa akisema hivyo sauti ilimkatika. Kutoka Kigoma mpaka Kalinzi ni safari ya asubuhi moja.

Jumamosi duara lilikuwa limekua. Walikuja watu kumi na nne kutoka Kasingirima, maana habari za goti zilikuwa zimeenea. Nikodemu alisimama kutoa ushuhuda, karatasi mkononi.

"Jumatatu mgonjwa wangu alikuwa anachechemea mguu wa kulia," alisoma. "Jumanne maumivu yakahamia mguu wa kushoto. Jumatano yakarudi wa kulia. Jana mvua ilipoanza, nilimwona mwenyewe akikimbia na beseni kichwani, hata vijana hawakumpata. Bwana asifiwe."

Watu wakapiga makofi. Akina mama wa Kongo wakapiga vigelegele na kuanzisha wimbo, na mmoja akamvuta Marcelina acheze apate kuonyesha uponyaji wake. Marcelina alisimama katikati, mikono imening'inia, akasubiri mpaka kukawa kimya.

"Goti langu halijawahi kuuma," alisema.

Nikodemu alitazama karatasi yake, kisha akamtazama yeye.

Ndipo Marcelina akawaambia yote: mama, mvua, matope mpaka kiunoni, na maneno aliyosema mbele ya watu. Akamgeukia Honorata na kumwomba radhi kwamba alipewa dada wa mwenzake kumbeba huku wa kwake amemficha. Akamwomba radhi Nikodemu kwa ajili ya magoti yake. Alikuwa analia, lakini aliposema hilo la magoti kuna mtu alicheka, kisha wa pili, na hatimaye Nikodemu mwenyewe akacheka mpaka akakaa chini, na Marcelina akajikuta anacheka pamoja nao, machozi yanamtiririka.

Honorata hakumpa mahubiri. Alimfuta uso kwa ncha ya kanga, akamwambia, "Wako unajua aliko. Nenda."

Jumatatu alfajiri alipanda pikapu ya wafanyabiashara wa ndizi. Nikodemu alifunga baraza akaenda naye, akisema jambo la Mama Bariki bado liko mikononi mwake, ila jina tu limebadilika. Waliposhuka Kalinzi walitembea kwa njia ya migombani, na fundi akabaki nyuma kwa makusudi.

Wema alikuwa anapalilia maharage. Aliinua kichwa, akamtambua dada yake, akaendelea kushika jembe. Marcelina alikuwa ameandaa maneno mengi njiani. Alimsalimu kwa Kiha, "Mwakeye," kisha akasema moja tu.

"Ilinipasa nikungoje. Hata siku tatu, ilinipasa nikungoje. Nilikosa."

Wema alipiga jembe mara mbili, akalichomeka ardhini. Mwishowe alisema, "Nilitembea usiku kucha, dada."

"Najua."

"Hukunipa hata maji ya kunawa miguu."

Palikuwa na ndoo ya maji pembeni ya shamba. Marcelina aliinama, akaishika miguu ya mdogo wake yenye udongo wa maharage, akaanza kuiosha. Wema alimwacha aoshe mmoja. Wa pili ulipofikiwa, alimwinua, wakakumbatiana katikati ya matuta, wakakanyaga maharage mengi sana.

Wiki hiyohiyo Wema aliteremka mjini na gunia la viazi kwa ajili ya wakimbizi. Walilala kitanda kimoja na dada yake na kuongea mpaka Zuhra akagonga ukuta. Asubuhi walikwenda makaburini, wakang'oa majani juu ya kaburi la mama yao.

Malori yalikuja Jumamosi. Hapakuwa na nafasi ya duara, kwa hiyo walisali wamesimama kando ya magurudumu, watu wa Kongo juu, watu wa Kasingirima chini, kila mmoja akipaza sauti kumwambia mwenzake jambo atakalolichukua. Honorata alisema hana jipya, ni lilelile. Marcelina akafungua kinywa, lakini Wema alikuwa ameshasogea mbele, ameshika ukingo wa lori.

"Agnesi nipe mimi," alisema. "Anafananaje?"

Honorata akaanza kumweleza: ni mfupi kuliko yeye, ana pengo la mbele, akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Lori liliwaka, likaanza kusogea polepole, na Wema akatembea kando yake akiuliza mengine.