Tupa Kama Ulivyotufundisha

Siku Mungu alipokuwa anagawa aibu, mkurugenzi wa michezo chuoni lazima alikuwa amelala. Maana mtu mwenye haya zake hawezi kuupa uwanja jina lake mwenyewe, akausimamishia ubao, akaufunika ubao kwa kitambaa chekundu, kisha akamwalika mtu aliyemjua tangu hana kitambi aje kumpigia makofi. Mkavu wa macho yule!

Aliyealikwa ni Shangazi. Wachezaji wote wa softboli, ule mchezo wa kutupiana mpira na kuupiga kwa rungu, walimwita hivyo, ingawa shangazi wa damu alikuwa wa mmoja tu, binti wa kaka yake, mtupaji wa timu. Alikuwa mfamasia mstaafu, mpole akikutana na wapole, na vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimepinda. Vilipindishwa na mipira ya wifi yake, marehemu sasa, ambaye chuo kizima kilimwita Kombeo. Wakati huo hajawa wifi bado, ni rafiki tu wa bweni moja. Hao wawili ndio walioanzisha timu ya wanawake. Walifyeka nyasi wenyewe nyuma ya maabara, wakaweka magunia ya mchanga mahali pa vituo, na glavu wakashonewa na fundi viatu aliyekuwa hajawahi kuona glavu maishani mwake. Kombeo akitupa, Shangazi akidaka.

Na mkurugenzi? Enzi hizo alikuwa msimamizi wa bweni lao. Mchango wake katika softboli ulikuwa kufuli. Akiwaona wanarudi jioni na suruali zimejaa vumbi, anafunga geti, anasema msichana wa chuo hashiki rungu kama mlinzi. Wakaruka ukuta. Akawashtaki, na Kombeo nusura afukuzwe. Leo huyohuyo, eti kocha mwanzilishi! Loo, ama kweli ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Asubuhi ya jubilei ya timu Shangazi alimfuata ofisini, mbele ya kabati la vikombe ambavyo hakushinda hata kimoja.

"Uwanja ule ni wa Kombeo," alimwambia. "Unajua, na mimi najua kwamba unajua."

Mkurugenzi akakoroga chai yake taratibu. "Dada yangu, marehemu hana haja na ubao. Walio hai ndio wenye haja. Yule binti yake, kwa mfano, ufadhili wake unapita kwenye meza hii. Nisingependa sherehe iharibike, halafu imharibikie na mtoto."

Shangazi alitamani ammwagie ile chai. Lakini binti alikuwa amebakiza mwaka mmoja amalize, na mama wa kumlilia hakuwa naye tena. Akameza hasira, ikashuka inakwaruza.

"Unataka nini?"

"Jambo dogo. Mimi nitatupa mpira wa ufunguzi, wewe udake. Watu wapige picha. Na usiseme neno baya."

"Sitasema neno baya," Shangazi akaahidi.

Uwanjani wageni walijaa chini ya turubai, mkuu wa chuo katikati. Mshehereshaji akatangaza kwenye kipaza sauti, "Baba wa softboli! Aliyewafundisha mabinti hawa mchezo tangu hatua ya kwanza!" Binti wa Kombeo, kwenye mstari na wenzake, alimtazama shangazi yake kama anayeuliza swali. Shangazi akajifanya anafunga glavu.

Sasa, katika softboli mtupaji hutupa kwa chini. Mkono unazungushwa, unashuka kando ya paja, mpira unatokea kiunoni. Ndilo la kwanza kufundishwa, na asiyelijua hajawahi kufundisha hata mbuzi. Mkurugenzi akavua koti, akainua mkono juu ya bega, akavurumisha kama anayefukuza kunguru kwenye mahindi.

Mpira ukadunda, ukajiviringisha hadi miguuni pa Shangazi. Wageni wakapiga makofi. Wachezaji hawakupiga.

Shangazi akauokota. Akatembea hadi kwa mkurugenzi, akampa mpira kwa mikono miwili, kwa adabu zote, karibu kabisa na kipaza sauti.

"Kocha, wengine hawakuona vizuri. Tupa tena. Tupa kama ulivyotufundisha."

Shangazi aliporudi mahali pake, mkurugenzi akacheka, akatupa tena. Juu ya bega. Shangazi akamrudishia mpira.

"Tena, kocha wetu. Kama ulivyotufundisha."

Jasho likaanza kumtoka mkurugenzi. Akatupa tena, juu ya bega, na kwa nguvu zaidi, masikini, akidhani kosa ni nguvu. Msichana mmoja akaangua kicheko, mstari mzima ukamfuata. Mwamuzi akajifunika mdomo kwa kofia. Mshehereshaji naye akacheka, bila kujua kinachochekwa.

"Wanacheka nini?" akauliza mkuu wa chuo.

Binti akatoka mstarini. "Rudi, mwanangu," Shangazi alinong'ona. Mtoto wa Kombeo arudi wapi! Aliuokota mpira, akamwambia mkurugenzi "samahani, mzee," akasimama mahali pake, akazungusha mkono. Paa! Mpira ukatua kwenye glavu ya Shangazi. Maumivu yakapanda kutoka vidole vilivyopinda hadi kiwikoni, yaleyale ya zamani, na Shangazi akalia mbele za watu bila kujificha.

"Nani alikufundisha?" mkuu wa chuo akauliza.

"Mama yangu, Kombeo. Yeye na shangazi ndio walioanzisha timu hii. Huyu alikuwa anawafungia geti. Na kama atanikatia ufadhili kwa kusema hivi, anikatie sasa hivi, nyote mkiona."

Mkuu wa chuo, mtu asiyependa kumuudhi hata inzi, akatangaza kwamba ufadhili hautaguswa, ubao usifunuliwe, na suala la jina litaundiwa kamati. Kamati! Mpaka leo wanakunywa soda na kuahirisha.

Wasichana hawakuingojea. Waliandika mwaliko wa mechi iliyofuata wakautuma vyuo vyote. Siku ya mechi Shangazi alikuwa anapita karibu na zahanati ya chuo, akamkuta mkurugenzi anakuja, macho chini. Kabla hawajasalimiana, basi la wageni likasimama kando yao, msichana akatoa kichwa dirishani.

"Shikamoo, mzee. Tumepotea. Uwanja wa Kombeo uko wapi?"

Mkurugenzi akamtazama Shangazi. Shangazi akakunja mikono, akasubiri.

"Marahaba," mkurugenzi akasema, akainua mkono, akawaonyesha njia.