Marufuku ya Kumjulisha Dada Tusekile

Usiku wa jana niliota kwamba dada yangu Tusekile amepigwa marufuku kujulishwa jambo lolote.

Naeleza kwa utulivu, kama tunavyofundishwa kuandika maelezo ya tukio kule shule ya bweni. Nimeandika mengi, karibu yote yakinihusu mimi.

Chanzo cha marufuku ni ule mstari wa mwisho wa kila tangazo la kazi: watakaojulishwa ni wale waliochaguliwa tu. Dada ana stashahada ya ugavi na ameomba kazi mara arobaini na moja. Hajachaguliwa. Kwa hiyo, ndotoni, hajulishwi. Simaanishi hajulishwi matokeo ya usaili. Hajulishwi kitu.

Naingia chumbani kwake. Amekaa kitandani na gauni lake la usaili, lile la bluu, lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Ni siku ya ishirini na mbili. Hajashuka kwa sababu hakuna mwenye idhini ya kumwambia kwamba kumekucha.

"Dada, kumekucha," nasema.

Maneno yanatoka mdomoni, yanafika karibu na sikio lake, yanasimama, yanasoma kibao fulani ambacho mimi sikioni, kisha yanarudi. Yananipita begani bila hata kuomba radhi.

Dada anainua macho kutazama saa ya ukutani. Saa inajifunika uso kwa mishale yake yote miwili. Mvua ya Tukuyu, ambayo haijawahi kumheshimu mtu, inanyesha juu ya bati kwa kunong'ona. Jikoni maharage yanaungua, na harufu imesimama nje ya mlango wa chumba, imekunja mikono, inasubiri maelekezo.

"Hata harufu?" naliuliza birika.

"Hata harufu, mdogo wangu," linasema birika. "Msituone wabaya. Ni utaratibu."

Hapa lazima niisimamishe ndoto, nitaje jambo ambalo si la ndotoni.

Siku chache kabla ya hizo ishirini na mbili nilimwandikia dada barua kutoka shuleni. Ilisema ameitwa kwenye usaili katika Idara ya Kupima Uzito wa Mawingu, Mbeya mjini, saa mbili asubuhi, afike na kalamu. Niliipiga mhuri wa kiazi. Unachonga kiazi, unakichovya kwenye wino, basi. Kwa ruhusa bandia zenye mhuri wa aina hiyo bweni letu limewahi kutoka getini likiwa zima, likimwamkia mlinzi. Nilidhani dada atafika kwenye neno "mawingu" aangue kicheko. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchanganya chumvi kwenye sukari ya wageni. Sikuwaza kwamba mtu aliyeomba kazi mara arobaini na moja halioni neno "mawingu". Anaona "umeitwa".

Alipiga pasi gauni, akapanda gari la alfajiri. Alirudi jioni bila kusema neno, na hajasema neno tangu siku hiyo. Nimekuja likizo nimemkuta hivyo. Mama anadhani ni malaria. Mimi nilijua ni nini, na nilikuwa sijamwambia mtu.

Tuendelee na ndoto.

Nafungua kabati la vyombo kutafuta ufumbuzi, na ndani ya kabati kuna Kituo cha Ustawi wa Watafuta Kazi.

Kituo ni bwalo la shule yetu, ila safi. Kwenye mabenchi zimekaa bahasha za kaki, nene kwa vyeti, kila moja imempakata mtu wake na kumnywesha uji.

"Shikamoo," naiambia bahasha ya karibu, kwa kuwa imechakaa kwenye pembe na inaonekana imeniacha kwa umri.

"Marahaba, mwanangu. Chukua kikombe. Hapa mtu hasailiwi na njaa, ndiyo kanuni ya kwanza."

"Umeshapelekwa ofisi ngapi, bibi?"

"Wee! Nyingi. Sijafunguliwa hata mara moja. Nikawa najiona mimi ndiye mbaya, unajua. Sasa nimefika hapa wananiuliza, 'Bibi, watu wamekuacha juu ya kabati na gundi yako haijaguswa, hapo kosa lako ni lipi?' Nililia mpaka stempu ikabanduka."

Kwenye kona kijana mmoja amelala chini ya magodoro manne, na juu ya magodoro amekaa matroni wetu, anafuma kitambaa. Tangazo lilitaka mtu anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Kijana ameweza kwa miaka miwili.

"Sasa anasaidiwaje?" namuuliza matroni.

"Anafundishwa kusema 'nimechoka'. Usimharakishe. Jana alifika kwenye 'nime'."

"Choka!" inasema sauti chini ya magodoro.

Matroni anaruka chini papo hapo, magodoro yanaondolewa, na bwalo zima linapiga makofi. Kijana anatoka akiwa bapa kama chapati, anapewa uji, anaanza kuumuka.

Mlangoni mwa ofisi amekaa mtoto wa chekechea, anamumunya ubuyu. Jina lake Uzoefu. Ana miaka mitano. Kila mwajiri anamtaka kila mwombaji aje naye, na yuko mmoja tu.

"Leo siendi kokote," ananiambia kabla sijamsalimu. "Saa saba nalala."

Naingia. Nyuma ya meza, Afisa Ustawi ni kiazi. Namfahamu. Ni kiazi changu. Usoni ana maandishi niliyoyachonga kwa mkono wangu, yamegeuka nyuma mbele kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenichonga kwa kisu cha mkate."

"Ndiyo, mheshimiwa. Umepanda cheo."

"Nilisoma. Kaa."

Nakaa. Kiti kinaninong'oneza, "Ungesimama tu."

Namweleza kiazi kuhusu marufuku ya dada. Ananisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo afisa mwingine yeyote hajawahi kunifanyia, kisha anafungua kitabu cha kanuni.

"Asiyechaguliwa hajulishwi," anasoma. "Mstari huu uliandikwa na watu waliokuwa na haraka, na sisi hatuna uwezo wa kuufuta. Ila chini yake kuna kifungu kidogo. Mtu aliyemjulisha uongo ana kibali cha kumjulisha mara moja tena. Sentensi moja. Na lazima iwe kweli."

"Mtu huyo ni nani?" nauliza, nikiangalia dari.

Kiazi anageuza uso wake wa mhuri kunielekea, taratibu, kama taa ya mwalimu wa zamu.

"Na asipokitumia hicho kibali?"

"Gauni litabaki limesimama. Dada yako hatakuwemo."

Sitaki kuficha kitu katika maelezo haya. Nilijaribu kukwepa.

"Naweza kumwambia maharage yanaungua? Ni kweli tupu."

"Ni kweli. Siyo hiyo."

"Basi nimwambie ile idara imehamia mkoa mwingine?"

Chipukizi la kijani linamtoka kiazi kwenye sikio, lenye majani mawili.

"Ukiongopa mbele yangu nachipua," anasema. "Nina kikao saa nane, kijana. Usinipeleke nikiwa shamba."

"Mheshimiwa, na akinichukia?"

"Hilo halimo kwenye kitabu." Anajipangusa wino usoni kwa leso. "Hapa tunashughulika na yeye kwanza. Wewe utasubiri kwenye benchi kama wenzako."

Sasa tuko uwanja wa paredi. Hakuna aliyetembea. Dada anafika akiwa kitandani, kitanda kimebebwa na bahasha sita, na gauni lake limekakamaa kiasi kwamba upepo unagonga hapo na kupinda njia. Ndani ya kola naona shingo imekuwa nyembamba kama kalamu.

"Ukiweka nukta tu, kibali kimekwisha," kiazi ananikumbusha.

"Na koma?"

"Koma ruhusa."

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilianza na "Mheshimiwa mgeni rasmi". Haikutoka. Kilichotoka ni hiki:

"Dada, ile barua niliiandika mimi, na hakuna idara ya kupima mawingu wala haijawahi kuwepo, na mhuri ulikuwa kiazi, na nilidhani utacheka kwa sababu wewe ndiye mtu ninayependa kumchekesha kuliko watu wote, na nilipoambiwa umepiga pasi gauni nikajua nimeharibu, na badala ya kukwambia nikajificha shuleni, halafu nikajificha likizo, humuhumu nyumbani, nikila chakula ulichokuwa huli, na samahani, na kumekucha, dada, kumekucha tangu siku nyingi."

Hapo pumzi iliisha, na nukta ikaanguka yenyewe kwenye vumbi.

Maneno yanakwenda. Yanafika sikioni kwake, yanasimama, yanasoma kibao. Kiazi anakohoa kidogo. Yanaingia.

"Ambakisye," anasema dada.

Nafungua mdomo niitike, hakitoki kitu. Kibali kimekwisha. Naitika kwa kichwa.

"Nilizunguka Mbeya nzima nikiuliza watu mawingu yanapimwa wapi."

Natikisa kichwa kuonyesha masikitiko.

"Mlinzi mmoja akanielekeza ghorofa ya tatu."

"Ghorofa ya tatu kulikuwa na nini, mama?" inauliza ile bahasha bibi. Kuuliza hakujakatazwa.

"Stoo ya mafagio. Nikakaa nje ya stoo mpaka saa tisa. Nikajua tu wamesikia nakuja, wakahama."

Uwanjani hakuna anayecheka. Hata mimi sikucheka, na naomba iandikwe.

Dada anaangalia mikono yake. "Kwa hiyo hawakuhama."

Nakataa kwa kichwa.

"Hawakuwepo."

Nakubali kwa kichwa, kwa nguvu, mpaka shingo inalia.

"Basi hawakunikataa," anasema. Analisema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. "Siku zote hizi najihesabu nimekataliwa mara arobaini na mbili. Na mafagio!" Halafu anageuka. "Mhuri ulikuwa nini, umesema?"

"Mimi," anasema kiazi, akinyoosha mkono.

Dada anamtazama kiazi. Anamtazama sana. Anayasoma maandishi usoni pake kutoka upande usio wenyewe, herufi kwa herufi, na nahisi kitanda kinaanza kutikisika. Kicheko chake kinaanzia miguuni. Kinapofika kiunoni gauni linapasuka mshono, kinapofika kifuani kola inalegea, na kinapotoka mdomoni mto unaniparamia usoni kwa kasi ambayo hata ndotoni iliniuma.

"Mpumbavu wewe!" anasema, machozi yanamtoka. "Uzito wa mawingu! Na afike na kalamu!"

Sijawahi kutukanwa nikapata nafuu kiasi kile.

Kiazi analeta daftari kubwa na kidau cha wino wa zambarau. "Weka dole gumba hapa, palipoandikwa Nimejulishwa. Mtu akishajulishwa kweli moja ana haki ya kujulishwa zote. Kifungu kinachofuata."

Dada anachovya kidole mpaka kwenye kiungo, anakikandamiza kwenye karatasi.

Habari za siku ishirini na mbili zinamfikia kwa mpigo. Saa inajifunua uso. Mvua inapiga bati kwa nguvu zake zote, ingawa uwanjani hapana bati. Harufu ya maharage inaingia mbio, inajieleza kwa nini imechelewa. "Umependeza, mwanangu" ya mama, iliyokwama koridoni tangu asubuhi ya lile gauni, inafika imechoka hoi, na dada anaipokea kwa mikono miwili.

"Sasa," anasema kiazi, akimkabidhi karatasi. "Likizo ya kutafuta kazi. Siku saba. Hakuna kuandika barua, hakuna kupiga pasi, hakuna kuchungulia simu kila dakika."

"Likizo?" Dada anaisoma mara mbili. "Lakini sina kazi, mheshimiwa. Nani anampa likizo mtu asiye na kazi?"

"Ndiyo maana mmechoka hivi. Ukimaliza njoo Jumanne. Tutazipitia barua zako pamoja, tutakusaili sisi kwa sisi mpaka usitetemeke, na utakunywa uji kwanza."

"Na huyu?" Ananinyooshea kidole.

"Huyu," anasema kiazi, "ataamka."

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Sikunawa uso. Nilikwenda moja kwa moja kumtafuta dada kabla ujasiri haujapoa, kwa sababu ndoto ni ndoto, na maneno yangu bado nilikuwa nayo mwenyewe. Chumbani hakuwepo. Gauni lilikuwa sakafuni, limefanywa la kufutia miguu. Nilimkuta jikoni, amevaa fulana ya zamani na kanga, amenipa mgongo, anashughulika na kitu kwenye beseni.

"Dada," nilisema, na sauti ikatetemeka kinyume na maelekezo yangu. "Kuna jambo nataka kukwambia."

"Ulishaniambia."

"Lini?"

Nilisogea. Alikuwa amekamata kipande cha limau, anasugua kidole gumba kwa bidii, na kidole kilikuwa zambarau mpaka kwenye kiungo.

"Huu wino wenu," alisema, "unatoka kwa nini?"