Mlinzi wa Ubavuni mwa Giaboksi

Usiku wa jana niliota nimelala chali chini ya pikapu yangu, nikisubiri zamu yangu ya kuhudumiwa.

Lakini ndoto haianzii kitandani, inaanzia sebuleni, kwa hiyo nianzie huko. Mjukuu wetu Atupele anaagwa leo kule Kyela, kwa sherehe, kabla ya kuolewa, na mke wangu, Mama Sekela, alikwisha kuwatangazia ndugu zake wote kwamba tutafika kwa gari letu. Gari likasikia, likagoma. Ni pikapu ya otomatiki, ya zamani, mstaafu mwenzangu. Ukizungusha ufunguo inatulia kama mtu anayejifanya hajaitwa. Taa za rivasi nazo zilikuwa zimezimika, na sisi watu wa Rungwe nyumba zetu tumezibandika mlimani. Kutoka uani kwangu ni lazima urudi nyuma. Upande mmoja ukuta wa jirani, upande wa pili migomba imo shimoni. Alfajiri, kwenye ukungu, bila taa za nyuma, utaingia migombani na gari lako na suti yako.

Mimi ni fundi wa kujifundisha mwenyewe, kwa kufungua vitu na kushindwa kuvifunga. Jana nilifungua kutwa nzima.

Jioni Mama Sekela akaja na chai. "Baba Sekela, hilo likikataa kesho, mimi napanda la Mzee Ambokile. Ameshaniambia ana nafasi mbele."

"Mbele?"

"Mbele."

Mzee Ambokile ni mgane, na aliwahi kumposa Mama Sekela kabla yangu. Gari lake jipya likirudi nyuma huongea Kijapani, naye huitikia kwa kichwa kana kwamba walisoma darasa moja. Nikaenda kulala na lile neno, mbele, likaniachia pembe ndogo tu ya mto.

Basi, niko chini ya gari. Kutoka ubavuni mwa giaboksi anashuka mtu mdogo kama kiberiti, kavaa kabuti la grisi na kofia ya mlinzi wa geti. Namjua. Ni ile swichi ya usalama. Gia isipokuwa kwenye P ya kuegesha au kwenye N ya huru, yeye huizuia stata isiamke, gari lisije likaruka na kumvaa mtu. Na ukiweka R ya kurudi nyuma, ni yeye huyo huyo anayezipelekea umeme taa za nyuma.

"Habari za kazi?" namuuliza.

"Kazi ni kukataa. Gia iko wapi?"

"Kwenye P. Tazama mkono wa gia ulipo."

"Mkono unasema yake. Mimi nilipo naona iko kati ya P na R, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mgeni wa namna hiyo simfungulii."

"Miaka yote ulikuwa unanifungulia!"

"Miaka yote bolti zangu zilikuwa zimekaza. Zimelegea, nimesogea. Kwani wewe hujasogea?"



Namwambia kwa heshima kwamba mafundi wa barabarani wana njia yao. Wanaunganisha waya moja kwa moja, wanamruka mlinzi, gari linawaka, watu wanakwenda kwenye sherehe.

Anavua kofia. Kichwani ana vituo vya shaba vya kupitishia umeme, vinang'aa. "Niruke. Ukishaniruka, gari litawaka popote, hata likiwa kwenye gia, na wewe utaanza kutembea na jiwe la kuzuia tairi kama mtu anayebeba mtoto. Kesho ukizungusha ufunguo, nani atakuwa amesimama nje?"

"Mke wangu. Ndiye anayefungua geti."

"Haya. Nikuinamie, uniruke?"

"Usiiname," nasema.

Anavaa kofia yake. Naona amefurahi, ingawa uso hana. "Basi twende nikamwone huyo mke. Weka R."

"Gari haliwaki."

"R ya huku haitumii injini."

Naweka R. Ukungu unarudi mlimani. Kuku wanatembea kinyumenyume kuelekea kwenye mayai yao. Ua unakuwa shamba la chai, shamba linakuwa soko la Tukuyu, mvi zangu zinarudi ndani ya kichwa moja moja, zinanung'unika kwa kusumbuliwa. Ila huko nyuma tunakokwenda hakuonekani kitu. Giza limejaa kama maharage kwenye gunia.

Nabisha hodi kwenye kioo cha taa. Ndani wamekaa bibi wawili mapacha, balbu, kila mmoja kwenye kigoda chake.

"Karibu, ila hatuwaki," wanasema.

"Mmeungua?"

"Tuungue sisi! Tazama nyuzi zetu zilivyo nzima. Hatujaletewa kitu tangu masika. Na fyuzi mzima, tumeshamuulizia. Fuata waya, mwanangu."

Mwanangu! Wamezaliwa juzi kiwandani. Lakini adabu ni adabu, naufuata waya.

Waya umekuwa njia ya miguu. Unapita chini ya bodi, unakunja kona, na pale unapokatiza juu ya bomba la moshi, umeungua na kukatika. Ncha mbili zimegeukiana migongo, zimeota kutu ya kijani.

"Yeye ndiye aliyeanza," inasema moja.

Sina koleo, sina utepe. Nazishika, kila mkono na ncha yake. Umeme wa betri haumuumizi mtu, unanitekenya tu kwapani. Mara nasikia mabibi wanapiga vigelegele, na soko lote linakuwa jeupe.

Katikati ya soko kasimama Tupokigwe. Ndiye Mama Sekela, ila Sekela bado hajazaliwa. Ana kikapu cha parachichi na shingo ile iliyonifanya nikose hamu ya chakula. Kuliani kwake yupo Ambokile kijana, kakaa kwenye gari ambalo bado halijatengenezwa duniani, na mlango wa mbele umefunguliwa. Kushotoni kwake pako wazi. Hapo ndipo ninapotakiwa nisimame mimi.

"Utanitunza?" Tupokigwe anamuuliza Ambokile.

Ambokile anajibu kwa Kijapani. Kirefu, kizuri, na kuinama anainama.

Tupokigwe anatazama ule mlango. Anainua mguu.

Nami ninaona kila kitu na siwezi kwenda. Nikiziachia hizi ncha, giza litarudi na sitajua kapanda au hakupanda. Nikizishikilia, pale kushoto patabaki wazi milele, hakuna Sekela, hakuna Atupele, hakuna wa kuagwa. Nampigia kelele mlinzi, "Nishikie!" Anasema hana mikono, ana vituo tu.

Basi napayuka, "Tupokigwe! Niko huku, chini ya gari!"

Mguu unasimama hewani. "Wewe siku zote uko chini ya gari."

"Taa ndiyo mimi! Nikitoka, hutaona!"

Anafikiri. Anamwachia Ambokile parachichi moja, kwa kumpoza, anakuja nyuma ya pikapu yangu na kupiga bodi kwa kiganja. Pa! Pa!

"Rudi! Njoo, njoo, njoo! Kata kushoto! Mwe! Kushoto kwangu, si kwako!"

Na gari lisilo na injini linarudi. Kila akipiga bodi, mlinzi kule ubavuni anasogea kidogo, kama mzee anayesogezewa kiti. Pa! Anasogea. Pa! Anasogea.

"Hapo," mlinzi anasema, sauti imetulia. "Hapo ninaiona P, na mkono nao unasema P. Kaza bolti."

Mikono yangu haina nafasi. Nazikaza bolti zote mbili kwa meno. Grisi ya zamani ina ladha ya karanga, asiyeamini aonje.

"Simama! Hapo hapo!" Tupokigwe anapiga bodi kwa nguvu zote, pa, na mimi naamka.

Kumeanza kupambazuka. Mama Sekela amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa tayari, anakipuliza kiganja chake. Kimekuwa chekundu, na kwenye mistari ya kiganja kumeganda unga wa rangi ya gari, ile ya bluu ya bodi ya pikapu.

"Sijui nimelalia nini," anasema bila kunitazama. "Mkono unawaka moto."

Nje honi ikalia, ya kistaarabu. Akafungua dirisha.

"Mzee Ambokile! Ndaga fijo, asante sana, baba. Wewe tangulia, sisi tunakuja na letu."

Akafunga dirisha, akajifunga na kitenge chake vizuri.

"Unanikodolea macho ya nini? Vaa viatu ukawashe. Mimi nasimama nyuma. Na safari hii nikisema kushoto, ni kushoto kwangu."